ChIP ya majani ya maharage hapa Mbeya: kingamwili na IgG zinatoa jibu karibu moja, kosa liko wapi?

Binti Igawilo

Wakuu wa biolojia ya molekuli, habari za kazi. Naomba mnisaidie kusoma tatizo la ChIP (kuvua kwa kingamwili vipande vya DNA vilivyoshikamana na protini fulani) kwenye majani ya maharage, aina ya Uyole 96, miche ya siku 14 tangu kuota.

Swali la utafiti ni hili: mche ukikaa kwenye baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi kwa saa 3, kromatini (DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni) ya promota (sehemu ya mbele inayoamuru jeni) ya jeni moja ya kundi la DREB, zinazoamka kwa baridi au ukame, inafunguka? Na kama inafunguka, je, inatangulia unukuzi (jeni kunakiliwa kuwa RNA) au inaufuata? RNA imeshapimwa na unukuzi unapanda vizuri sana. Kilichokwama ni upande wa kromatini.

Hatua zilizofuatwa: majani gramu 2, formaldehidi asilimia 1 (ml 1 ya ile ya asilimia 37, bafa ijae hadi ml 37), ndani ya chupa ya ombwe. Maelekezo yanataka geji ya pampu ishuke hadi kPa 85 chini ya hewa ya kawaida, kwa dakika 10. Geji inakwama kwenye 76. Mpira wa mfuniko umebadilishwa, grisi imepakwa, bado 76. Kufidia hilo, muda ukaongezwa hadi dakika 25. Kisha glisini 0.125 M (ya kusimamisha formaldehidi) dakika 5, kuosha mara moja, kusaga kwa naitrojeni kimiminika, kutoa viini vya seli, kuvipasua kwa bafa yenye SDS (sabuni kali) asilimia 1, halafu soniketa ya ncha (ya kukata DNA kwa mawimbi ya sauti): mipigo 10 ya sekunde 10, tyubu ikiwa kwenye barafu. Kingamwili ni ya H3K4me3 (alama ya kemikali kwenye histoni H3), mikrogramu 3, ya sungura, na shanga za sumaku zenye protini A.

Jeli inaonyesha DNA karibu yote iko juu ya besi 2000, na mng'ao mwingi umebaki kisimani. Kwenye qPCR (PCR inayopima wingi wa DNA; Ct ni mzunguko ambao DNA inaanza kuonekana, ikiwa ndogo DNA ni nyingi), inputi ya asilimia 1 (kromatini ambayo haikupitishwa kwenye kingamwili) ina Ct 24.5, kingamwili Ct 31.0, IgG (kingamwili ya kulinganishia, isiyolenga alama yoyote) Ct 31.6. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR pa kukuza) zinakuza kipande cha besi 290, kuanzia −850 hadi −560 kabla ya mwanzo wa unukuzi.

Je, kingamwili imekufa? Kuagiza nyingine ni gharama kubwa na inachukua wiki kadhaa kufika, ndiyo maana nauliza kwanza.

---

Kihesa Juu

Dada, usiagize kingamwili. Kwa maelezo haya haijapata hata nafasi ya kujaribiwa. Anza na geji.

Geji ya kawaida ya pampu haipimi hewa iliyobaki ndani ya chupa. Inapima tofauti kati ya ndani ya chupa na hewa ya chumba. Aliyeandika yale maelekezo yuko karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ina kama kPa 101. Akiondoa 85 anabakiwa na 16. Mbeya mjini tupo kwenye mita 1,700 hivi, na hewa yenyewe ni kama kPa 82.5 tu. Hakuna pampu duniani itakayokupa 85 kutoka kwenye 82.5! Hiyo 76 yako imekuachia kPa 6 au 7, maana yake ombwe lako ni kali kuliko la aliyeandika maelekezo. Mpira ulikuwa mzima siku zote. Ukiwa huku Iringa tofauti ni ndogo kidogo, kama kPa 84, ila nayo haifiki 85. Hesabu unayotakiwa kufuata ni ya kilichobaki: toa usomaji wa geji kwenye hewa ya mahali ulipo, lenga kubaki na 10 hadi 16.

Sasa uone madhara ya zile dakika 25. Formaldehidi inaunganisha protini na DNA, na protini na protini. Ikipewa muda mrefu inazidi kusuka wavu: histoni zinafungwa na kila kilicho jirani, kiini kinakuwa kama mpira. Soniketa inashindwa kukata, ndiyo ule mng'ao kisimani. Na hata vipande vinavyokatika vinakuwa vimefunikwa protini, kwa hiyo mahali pa kushikwa na kingamwili pamezibwa. Dalili zako zote mbili, jeli na Ct, zinaweza kutoka kwenye kosa hili moja.

Fanya jaribio la muda kabla ya kitu kingine: dakika 5, 8, 10 na 15 kutoka kwenye kundi moja la majani, soniketa ileile, jeli moja. Chagua muda mfupi kuliko yote ambao bado unatoa kromatini ya kutosha. Kwa majani machanga ya maharage, dakika 10 zinatosha. Alama ya kwamba dawa imeingia ni jani lenyewe: ombwe likiachiliwa polepole, jani linageuka kijani cha giza kinachopitisha mwanga, kama limelowa kwa ndani, na linazama. Majani yanayoelea yakiwa makavu hayajafungwa, hata yakae saa nzima. Usiachie ombwe kwa ghafla, maana kule kurudi kwa hewa ndiko kunakosukuma dawa ndani ya nafasi za jani.

Kuhusu glisini. Formaldehidi asilimia 1 ni kama 0.33 M. Glisini 0.125 M haiwezi kuimaliza yote kwa hesabu. Inapunguza, lakini kinachoiondoa hasa ni kuosha. Osha kwa maji baridi mara tatu, kila mara maji mengi, kisha kausha kwa karatasi kabla ya kugandisha. Ukiosha mara moja tu, kazi ya kufunga inaendelea taratibu huku wewe ukidhani imekwisha.

Tazama pia chupa yenyewe ya formaldehidi. Ikikaa kwenye baridi inaungana yenyewe kwa yenyewe na kutua chini kama unga mweupe. Juni na Julai stoo isiyo na joto huku nyanda za juu inatosha kuleta hilo. Ukiona unga mweupe chini, kile cha juu si asilimia 37 tena na hujui ni ngapi. Usiitie kwenye friji, na usitumie iliyotua.

---

Mama Pipeti

Nakubaliana na Kihesa Juu kuhusu geji. Naongeza kuhusu jeli, maana jeli hiyo inaweza kuwa inakudanganya.

Mwanangu, hukusema kama uliifungua kromatini (yaani kuvunja mifungo ya formaldehidi) kabla ya kuipakia. DNA ambayo bado imefungwa kwenye protini haitembei kwenye jeli kama DNA tupu. Inabaki kisimani au inachelewa, na wewe unasoma besi 2000 mahali penye besi 500. Chukua mikrolita 10 baada ya kila mipigo mitano (5, 10, 15, 20), ongeza chumvi ifike 200 mM, weka nyuzi 65 kwa saa 6 au usiku mzima, kisha RNase A (inayokula RNA) nusu saa nyuzi 37, kisha proteinesi K (inayokula protini) saa 1 nyuzi 45, safisha, ndipo upakie kwenye agarosi asilimia 1.5. RNA usiisahau: mmea una RNA nyingi na inachora ukungu chini ya besi 200 unaofanana kabisa na DNA iliyokatwa vizuri. Unacholenga ni wingi uwe kati ya 200 na 500.

SDS. Bafa yenye SDS asilimia 1 ikikaa kwenye barafu inaganda, unaona chembe nyeupe kama chumvi. Chumba cha maabara asubuhi ya Julai hapa Mbeya kikiwa na nyuzi 12, inaganda hata bila barafu. SDS iliyoganda haipasui viini, na chembe zile zinavuruga mawimbi ya soniketa. Pasha bafa hadi nyuzi 25 au 30 mpaka iwe angavu, pasua viini humo kwa dakika chache kwenye joto la chumba, ndipo utie kwenye maji yenye barafu wakati wa soniketa tu. Sekunde 10 za kupiga, sekunde 50 za kupumzika. Mapumziko ni lazima, kwa sababu joto linaanza kufungua ile kazi ya formaldehidi. Na usitumie bafa yenye potasiamu karibu na SDS, zinaungana na kutua papo hapo.

Ncha ya soniketa ikae nusu sentimita kutoka chini ya tyubu bila kugusa plastiki, ujazo uwe mikrolita 300. Likitokea povu, simama. Povu halikati DNA, linaharibu protini. Zungusha tyubu sekunde chache kwenye sentrifuji, povu lishuke, anza tena kwa nguvu ndogo.

Kabla ya kuweka kingamwili ulipunguza makali ya SDS? Sehemu 1 ya kromatini kwa sehemu 9 za bafa ya kupunguzia, ile yenye Triton X-100 asilimia 1.1, EDTA 1.2 mM, Tris 16.7 mM na chumvi 167 mM. SDS inashuka hadi 0.1. Ikibaki juu ya hapo kingamwili inaweza kukunjuka na isishike vizuri. Hili ni kosa la kawaida sana na halionekani kwenye jeli yoyote.

Jambo la mwisho kwa wanaofuata ule mtindo wa haraka wa kuchemsha sampuli dakika 10 ili kufungua: maji ya Mbeya yanachemka nyuzi 94 hivi, Njombe chini kidogo ya hapo. Sufuria la maji halitafika 100, wala 95. Tumia bloku kavu ya kupashia, au kaa na njia ya nyuzi 65 usiku mzima ambayo haijali mwinuko. Mashine ya PCR haina shida hiyo, tyubu zimefungwa na joto linatoka kwenye chuma. Otoklevu nayo isomwe kwa kipimajoto, si kwa geji ya shinikizo: zile paundi 15 za kwenye vitabu, hapa zinatakiwa kuwa karibu 18 ili ufike nyuzi 121.

---

Binti Igawilo

Asanteni sana. Shikamoo mama. Jeli ilipakiwa bila kufungua, ni kweli. SDS ilipunguzwa mara 5 tu, siyo 10, kwa hiyo kingamwili iliingia kwenye asilimia 0.2. Muda na geji nimeelewa.

Naomba sasa mtu anisaidie kusoma zile Ct. Na kama kuna tatizo kwenye praima niambieni mapema, kabla sijatumia kromatini mpya.

---

Mwakaleli

Dada Igawilo, nianze na hesabu kwa sababu ni fupi. Inputi yako ni asilimia 1, kwa hiyo iongezee mara 100: toa 6.64 kwenye Ct yake (DNA ikijirudufu mara mbili kila mzunguko, mizunguko 6.64 ni sawa na mara 100). 24.5 inakuwa 17.86. Kingamwili: 31.0 kutoa 17.86 ni 13.14, na 2 kwa kipeo cha −13.14 ni asilimia 0.011 ya inputi. IgG ni asilimia 0.007. Uwiano ni 1.5, yaani hakuna kitu. Kwa alama yenye nguvu kama H3K4me3 kwenye jeni inayofanya kazi, tarajia asilimia 1 au zaidi, na IgG chini ya 0.05. Mfano: inputi Ct 25, kingamwili Ct 24, IgG Ct 30, unapata asilimia 2 dhidi ya 0.03. Hiyo ndiyo sura ya ChIP iliyofaulu.

Praima zina makosa mawili, na hata kromatini nzuri kuliko zote isingekuokoa.

La kwanza ni urefu. Vipande vikiwa na besi 200 hadi 500, kipande cha qPCR cha besi 290 kinahitaji bahati: sehemu zote mbili za praima ziwe kwenye kipande kimoja ambacho hakijakatwa katikati. Tengeneza za besi 70 hadi 120.

La pili ni mahali. H3K4me3 haikai kwenye −850. Kilele chake kiko baada tu ya mwanzo wa unukuzi, kwenye nukleosomu za kwanza za jeni yenyewe, ndani ya besi mia kadhaa. Umepima mahali ambapo alama haitarajiwi. Weka praima kwenye +100 hadi +400. Ongeza kidhibiti cha kukubali (mahali alama inatarajiwa), mwanzo wa jeni ya aktini, na cha kukataa (mahali haitarajiwi), sehemu ya retrotransposoni (DNA inayojinakili na kuhama) iliyonyamazishwa. Jenomu ya maharage ilichapishwa mwaka 2014, ina kromosomu 11, mfuatano wote unapatikana bure, kwa hiyo praima zote unaweza kuzipanga kwa kompyuta na kuhakikisha hazishiki sehemu mbili.

Sasa jambo kubwa zaidi, na naliandika kwa kuwa swali lako ni zuri na linastahili kipimo chake. Umeuliza kama kromatini *inafunguka*. H3K4me3 haijibu swali hilo. Inakuambia kwamba histoni H3 zilizopo zina alama fulani. Kufunguka ni suala la nukleosomu kuwepo, kusogea au kuondoka. Nukleosomu moja ni besi 147 za DNA zilizozungushwa karibu mara 1.65 kwenye histoni nane: H2A, H2B, H3 na H4, mbili mbili. Vipo vyombo vya seli vinavyotumia ATP kuisukuma pembeni, kuing'oa, au kubadilisha histoni zake. Kundi la SWI/SNF, lililotambuliwa kwanza kwenye hamira, linasukuma na kung'oa. ISWI hupanga nafasi kati ya moja na nyingine. CHD wamo, na kundi la INO80 lina ndugu yake SWR1 anayetoa H2A ya kawaida na kuweka H2A.Z. Hii ya mwisho inagusa kazi yako kwa karibu: mwaka 2010, kwenye Arabidopsis (mmea mdogo wa majaribio ya maabara), ilionyeshwa kwamba nukleosomu zenye H2A.Z hupungua kwenye mwanzo wa jeni joto linapopanda kutoka nyuzi 17 hadi 27, na mmea usioweza kuiweka H2A.Z unajiendesha kana kwamba uko kwenye joto hata ukiwa kwenye ubaridi. Joto na nukleosomu ni majirani wa karibu kwa mmea. Kwa baridi ya Uyole swali lako ni la haki kabisa.

Kipimo chake ni MNase, na hakihitaji kingamwili hata tone. Hiki kimeng'enya kinakula DNA iliyo wazi kati ya nukleosomu na kuacha ile iliyozungushwa. Toa viini kama unavyotoa sasa, vioshe kwa bafa yenye Triton asilimia 1 mpaka mashapo yasiwe kijani tena (mabaki ya kloroplasti yana DNA yake, nayo inakula kimeng'enya chako), kisha viweke kwenye sukrozi 320 mM, Tris 50 mM pH 7.5, magnesi kloridi 4 mM, kalsi kloridi 1 mM. Kalsi ndiyo roho ya MNase. EDTA, ambayo hunasa kalsi, ikibaki hata kidogo kutoka bafa ya nyuma, utakaa unasubiri na hakuna kitakachokatika.

Gawa viini kwenye tyubu tano sawasawa na uweke yuniti 0, 0.5, 2, 8 na 32. Nyuzi 37, dakika 5 kamili, simamisha kwa EDTA 20 mM na SDS asilimia 1. Fungua, safisha, pakia. Unachotaka kuona ni ngazi: mstari wa karibu besi 150, mwingine kama 330 hadi 350, mwingine juu yake. Chagua kiwango ambacho sehemu kubwa imekuwa mstari wa 150 lakini ule wa pili bado unaonekana kwa mbali. Ukizidisha, kimeng'enya kinaanza kung'ata nukleosomu yenyewe na nukleosomu dhaifu, zile ambazo huenda ndizo unazozitafuta, zinapotea kwanza. Kata mstari wa 150 kwenye jeli, toa DNA, fanya qPCR.

Hapa praima zinakuwa nyingi: vipande vya besi 80 hadi 100 vinavyopishana, kila kimoja kianze besi 30 hadi 50 baada ya kilichotangulia, kutoka −400 hadi +400. Ni jozi kama 20. Gawa kila jibu kwa jibu la DNA ya jumla isiyokatwa, ili tofauti za ubora wa praima ziondoke. Weka pia DNA tupu iliyokatwa kwa MNase, maana kimeng'enya hiki kinapenda sehemu zenye A na T nyingi na promota za mimea ziko hivyo. Bila kidhibiti hicho utaita "wazi" mahali palipokuwa na A na T tu.

Kusoma: kilele cha ulinzi kikihama besi 30 au 60, nukleosomu imesukumwa. Kikishuka palepale bila kuhama, imeng'olewa au imebaki kwenye seli chache. Hakikisha kwa ChIP ya H3 ya jumla mahali palepale, ambayo nayo ishuke. Na H3K4me3 yako, ukiipata, igawanye kwa H3 hiyo ya jumla. La sivyo nukleosomu zikiondoka utasema alama imepungua, kumbe ni histoni zenyewe zimekwenda.

Mwisho, neno "inatangulia". Saa 3 peke yake haiwezi kukuambia nani alitangulia, kwa sababu kufikia hapo vyote viwili vimeshatokea. Unahitaji dakika 0, 15, 30, 60 na 180, kila muda RNA na kromatini kutoka miche ileile. Na hata ukikuta nukleosomu inaondoka dakika ya 15 na RNA inapanda ya 30, andika kwamba moja imetangulia nyingine, usiandike kwamba imeisababisha. Kusababisha kunadai mmea uliopokonywa chombo husika cha kusukuma nukleosomu, na huo kwa maharage si rahisi kuupata.

---

Kihesa Juu

Mwakaleli ameeleza vizuri. Nyongeza moja upande wa RNA: jeni nyingi za kundi la DREB1 hazina introni (vipande vinavyoondolewa kwenye RNA). Kwa hiyo praima zako za RNA zinakuza DNA ya jenomu kwa urefu uleule, na huwezi kutofautisha kwa jeli wala kwa mkunjo wa kuyeyuka. Tumia DNase (inayokula DNA) kwenye RNA, na kila sampuli iwe na tyubu yake isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Tofauti ya Ct kati ya hizo mbili ikiwa chini ya 7, rudia DNase.

---

Binti Igawilo

Narudi na matokeo ili uzi huu uwasaidie na wengine. Ombwe lilishikwa kwenye geji 70, ambayo kwa hesabu ya Kihesa Juu imebakisha kPa 12 hivi. Kwa mipigo 15 na jeli iliyofunguliwa, dakika 8 na 10 zimetoa wingi kati ya 200 na 600, dakika 15 bado ina mkia juu ya 1000. Tumechukua 10. SDS imeshushwa hadi 0.1. Kwenye aktini, praima mpya za besi 95: inputi Ct 24.8, kingamwili Ct 24.6, IgG Ct 30.9. Hesabu inatoa asilimia 1.15 dhidi ya 0.015. Kingamwili ni ile ile niliyotaka kuitupa.

Swali la mwisho. Hatua inayofuata ni miche ya shambani Uyole, asubuhi baada ya usiku wa baridi kali. Majani yakivunwa na kuwekwa kwenye kisanduku cha barafu hadi maabarani mjini, ni sawa?

---

Mwakaleli

Hongera, hizo ni namba za kufanyia kazi. Aktini 1.15 dhidi ya 0.015 ni uwiano unaozidi 70.

Kuhusu shamba: hapana, usivune na kusafirisha. Jani lililokatwa linaendelea kuishi. Jeraha lenyewe linaamsha jeni, kukosa maji kunaamsha kundi lilelile la DREB unalolipima, na barafu ya kisanduku inaongeza baridi ambayo shamba halikuitoa. Ndani ya dakika 15 hadi 30 unakuwa unapima safari ya gari. Funga hapohapo shambani.

Pampu haihitajiki. Chukua sirinji ya ml 60 isiyo na sindano, weka majani matatu au manne machanga yaliyokatwa vipande vya sentimita 1, vuta ml 30 za bafa yenye formaldehidi asilimia 1, toa hewa yote, ziba mdomo kwa kidole chenye glavu na uvute pistoni hadi vipovu vitoke kwenye majani. Shikilia sekunde 20, achia taratibu. Rudia mara nne au tano mpaka vipande vizame. Hesabu dakika 10 tangu dawa ilipogusa majani, tia glisini, rudia kuvuta mara mbili, osha mara tatu. Kuanzia hapo kromatini imesimama na unaweza kuileta mjini kwenye barafu bila wasiwasi.

Bafa hiyo saa 12 asubuhi shambani itakuwa na nyuzi 5 au 6, na formaldehidi inafanya kazi polepole kwenye baridi. Ila ukiipasha, unaamsha mmea. Acha iwe baridi kama shamba lilivyo, ongeza muda hadi dakika 15, na miche yako ya kulinganishia isiyopigwa baridi uifunge kwa bafa ya joto lilelile na muda uleule, vinginevyo utakuwa unalinganisha viwango viwili vya kufunga. Pima muda huo upya kwa jeli kama ulivyofanya sasa, kabla ya kugusa sampuli za kweli. Na chukua sampuli zote saa ileile ya siku. Jeni za baridi zinafuata saa ya ndani ya mmea, kwa hiyo jani la saa 12 na la saa 4 asubuhi hayalinganishiki hata kama baridi ni moja.

---

Mama Pipeti

Formaldehidi ya shambani ichanganye siku hiyohiyo, chupa ya kahawia, na mabaki yote urudi nayo maabarani kwenye dumu lenye lebo. Usimwage kwenye mfereji wa umwagiliaji. Vaa miwani ile inayofunika pembeni: sirinji ikiponyoka kidoleni wakati wa kuvuta, inarusha dawa usoni.

Na naitrojeni kimiminika ikikosekana wiki hiyo, usiahirishe. Majani yaliyofungwa na kukaushwa kwa karatasi katakata kwa wembe mpya ndani ya bafa ya sukrozi 0.4 M iliyo baridi, dakika 5 hadi 7, chuja kwa Miracloth (kitambaa cha kuchujia) tabaka mbili. Viini vinatoka vichache kidogo kuliko kwa kusaga, kwa hiyo anza na gramu 3 badala ya 2.